Punguzeni pilau, msipunguze siku za matanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na watu wa Tanga wenzangu, hasa sisi wa vyama vya kufa na kuzikana. Mwezi uliopita, kwenye kikao cha chama chetu hapa Ngamiani, mweka hazina alitoa pendekezo. Kuanzia sasa maiti akishazikwa, watu wale, dua isomwe, turubai lishushwe jioni hiyo hiyo na kila mtu arudi kwake. Matanga ya siku tatu yafutwe. Alitaja gharama, akataja na muda wa kazi unaopotea. Ni kijana mwaminifu, hesabu zake hazijawahi kuwa na doa, na wengi walimuunga mkono. Mimi sikusema kitu. Maneno yalinijaa kooni yakashindwa kutoka, na ndiyo haya ninayoyaandika.

Mimi ni mwosha maiti. Naosha wanawake, kazi niliyofundishwa na mama mkubwa, na huu ni mwaka wangu wa 31. Nimeingia nyumba za wenye nafasi kule Raskazone na vyumba vya kupanga vya Makorora, na ndoo yangu ya maji ya mkunazi ni ile ile. Nilichojifunza ni kwamba anayeanguka mlangoni kwa kilio si lazima awe ndiye aliyeumia kuliko wote. Mara nyingi aliyeumia ni yule binti anayehangaika na viti, anayeuliza kama maji ya kunywa yamefika, anayepokea simu za watu wa mbali. Huyo nikimwona humwita ndani anishikie kata. Akishammwagia mama yake maji mara mbili tatu, mikono humtetemeka, na hapo ndipo msiba unapomfikia.

Mwaka juzi ulinifikia mimi. Mume wangu, aliyekuwa fundi wa korona, ile mashine ya kuchambua mkonge, katika shamba la mkonge mpaka alipostaafu, alifariki alfajiri kabla ya adhana. Nikakaa eda, miezi 4 na siku 10 kama ilivyoamriwa. Mjukuu wangu alikuwa hapa nyumbani akisubiri kazi. Kijana huyu alijifunza Kichina katika Taasisi ya Confucius pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baada ya isha alikuwa akikaa kwenye mkeka karibu na mlango wa chumba changu, anasoma maandishi ya kale ya Wachina na kuniwekea kwa Kiswahili. Mwanzoni nilimsikiliza ili usiku upite. Baadaye nikawa namwambia arudie.

Huyo Confucius, mwalimu wa kale ambaye taasisi ile imepewa jina lake, aliishi kuanzia mwaka 551 hadi 479 kabla ya Kristo, katika dola iliyoitwa Lu, ambayo leo ni sehemu ya jimbo la Shandong. Yaani zaidi ya miaka elfu moja kabla ya kuzaliwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Sisemi tuache sunna tushike ya Wachina. Mtu aliyekaa na wafiwa akawatazama kwa makini, mimi humsikiliza, awe wa wapi.

Jambo la kwanza nililomwambia arudie lilikuwa la uji. Katika maandishi yao ya adabu za msiba imeelezwa kwamba mzazi akifa, mtoto hawashi moto jikoni kwa siku tatu, na kwa sababu hiyo majirani humpikia uji na kumnywesha. Nilikaa kimya muda mrefu. Maana sisi tunalo la kwetu: Jaafar bin Abi Talib, binamu wa Mtume, alipouawa vitani Mu'ta, Mtume alisema watu wa Jaafar watengenezewe chakula, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Ni jambo lile lile. Jiko la mfiwa linazimwa, la jirani linawashwa.

Sasa tazameni tunavyofanya. Mimi mwenyewe, mwili wa mume wangu haujatoka ndani, niliulizwa mchele ni kilo ngapi na nani atakwenda kumleta ng'ombe. Wanangu walikopa. Deni la mchele lilimalizika kulipwa nikiwa bado ndani ya eda. Nimeshuhudia msiba ambao wafiwa walivaa sare iliyoshonwa usiku kucha, na binti wa marehemu anamfokea fundi cherehani kwa sababu shingo imembana. Kwa hiyo mweka hazina aliposema gharama zinatuumiza, alisema kweli tupu, na kura yangu kwa hilo anayo. Confucius naye aliulizwa na mtu mmoja, Lin Fang, shina la ibada ni nini. Alijibu kwamba katika sherehe ni afadhali uchache kuliko anasa, na katika msiba ni afadhali huzuni yenyewe kuliko utaratibu uliopambwa vizuri. Huyu aliyezichambua ibada maisha yake yote ndiye aliyesema hivyo. Na alipokufa mwanafunzi wake aliyempenda kuliko wote, Yan Hui, alilia mpaka waliokuwa naye wakamwambia amepitiliza. Akawauliza, nisipomlilia huyu kwa kupitiliza, nimlilie nani?

Lakini gharama ni jambo moja na siku ni jambo jingine, na kwenye kikao yalifungwa pamoja kama mzigo mmoja. Hapo ndipo ninapopinga.

Kuna mwanafunzi mwingine wa Confucius, Zai Wo, aliyesema maneno yanayofanana sana na ya mweka hazina wetu. Kwa desturi yao mtoto alimwombolezea mzazi miaka mitatu, ambayo kwa hesabu yao ilikuwa ni kuingia mwaka wa tatu, kama miezi 25 au 27. Zai Wo akasema mwaka mmoja unatosha, kwani nafaka ya zamani imekwisha na mpya imeshaota, na mtu akikaa miaka mitatu shughuli nyingine zinaharibika. Confucius hakumgombeza. Alimuuliza kama moyo wake ungetulia akila wali na kuvaa hariri baada ya mwaka. Akajibu ndiyo, ungetulia. Basi kama umetulia, fanya, akaambiwa. Alipotoka, mwalimu akawaambia waliobaki kwamba mtoto hatoki mikononi mwa wazazi wake mpaka atimize miaka mitatu. Je, Zai Wo hakupewa na wazazi wake miaka hiyo mitatu ya mapenzi?

Nilipoisikia hiyo niliikumbuka mbeleko. Siku zile tatu tunazozionea uchungu, mama yule alizitoa mara ngapi?

Miaka mitatu ni mingi, nakubali. Hata kwao alikuwapo mwanachuoni, Mozi, aliyeipinga waziwazi kwamba inadhoofisha miili ya watu na kuwazuia na kazi. Na lipo lililonikera mimi kama mwanamke: mke alimwombolezea mume miaka mitatu kwa nguo duni kuliko zote, naye mume alimwombolezea mke mwaka mmoja. Nilimwambia mjukuu wangu hapo mizani imepinda, akacheka, akasema nimemnasa. Sikuitaka hesabu yao. Nilichokitaka ni kuelewa kwa nini waliipanga kwa ngazi.

Ngazi zenyewe ziko hata kwenye chakula. Siku tatu za mwanzo mtoto hali. Kisha uji. Akishazika, nafaka ngumu na maji. Ukipita mwaka, mboga na matunda. Ukipita wa pili, siki na mchuzi wa kukolezea. Nyama huja mwisho kabisa. Mwenye kufiwa anajua uchungu hauna kalenda, siku ya kumi inaweza kuwa mbaya kuliko ya pili. Mwili hauwezi kuambiwa "rudi" ukarudi. Lakini unaweza kuambiwa leo ni mboga, na kesho ukaambiwa tena. Mimi nilirudi hivyo. Siku ya tatu mikeka ilikunjwa na ua likafagiwa, nikajua pamoja na wengine wote kwamba kuna kitu kimekwisha na kingine kinaanza. Ikaja arobaini. (Najua wapo masheikh wasioikubali, siingii humo.) Siku ya kutoka eda, wanawake waliniogesha, wakanivisha doti mpya ya kanga, wakanisindikiza mpaka barabarani. Nilikwenda soko la Mgandini peke yangu nikanunua ndimu za shilingi mia tano. Sikuwa na haja ya ndimu. Nilitaka tu nione kama naweza kumuuliza mtu bei.

Tena ngazi hizo hazimvuti mtu kwa upande mmoja tu. Hadithi niliyoipenda kuliko zote ni ya wanafunzi wawili wa Confucius waliomaliza muda wao wa maombolezo wakapewa kila mmoja ala ya nyuzi apige. Wa kwanza, Zixia, alijaribu kuzikaza nyuzi zikakataa kupatana, akapiga bila sauti ya maana. Akasimama akasema huzuni haijaisha, ila muda uliowekwa umekwisha na hathubutu kuupita. Wa pili, Zizhang, nyuzi zikapatana mara moja na muziki ukatoka. Naye akasema muda uliwekwa, hakuthubutu kukosa kuufikisha. Mmoja alizuiwa asizame, mwingine alisubirishwa asikimbie. Wanangu wawili ni hao hao. Mkubwa alitaka kurudi Dar es Salaam jioni ya mazishi, na kama si matanga angeondoka. Mdogo hadi leo nadhani angekuwa amelala kwenye kitanda cha baba yake. Siku tatu ziliwaweka kwenye jamvi moja, na usiku wa pili, watani wa baba yao walipoanza kumdai marehemu deni la kahawa na kukataa kuondoka mpaka alipe, wote wawili walicheka, na kicheko kikawageukia kilio, wakalia pamoja. Nawauliza wanachama: tukishusha turubai jioni ile ile, watani watakuja saa ngapi?

Niseme na hili la juu ya paa, kwa sababu linahusu kazi yangu. Zamani kwa Wachina mtu akikata roho, mmoja alipanda juu ya nyumba na nguo ya marehemu, akaelekea kaskazini, akamwita mara tatu arudi. Nguo ikatupwa chini, ikapokelewa na kutandazwa juu ya mwili. Asiporudi, ndipo shughuli za maiti zinaanza. Na hata baada ya hapo walisubiri mpaka siku ya tatu kabla ya kumfunga katika jeneza, kwa maelezo yaliyoandikwa wazi kwamba mtoto bado anatumaini mzazi atazinduka, na siku ya tatu ikifika tumaini hilo limekwisha.

Sisi hatuiti roho irudi na wala haifai. Lakini mtoto anayetumaini namjua. Miaka kadhaa iliyopita huko Mikanjuni nilikuwa nimeshaweka ndoo chini, mvulana wa darasa la tano akanishika mkono: "Bibi ngoja kwanza, mama ametikisa kidole." Watu wakataka kumtoa. Nikasema mwacheni. Akaweka sikio kifuani kwa mama yake, akasikiliza, akasikiliza. Kisha akatoka mwenyewe. Dini yetu imetuamuru kuharakisha mazishi, na mimi ndiye ninayeharakisha, Mungu ni shahidi. Ule muda ambao wenzetu waliuweka kabla ya kaburi, sisi tumeuweka baada yake, kwenye matanga. Mtoto wa kwetu hupata mahali pa kusikiliza kifua cha mama yake katika siku hizo tatu, watu wakiwa wamemzunguka. Tukizifuta, atasikilizia wapi?

Kuhusu muda wa kazi, nina binti anayefanya kazi ya kuhudumia wateja, mahali sitapataja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 4 za likizo yenye malipo akifiwa na mzazi, mume au mke, mtoto, ndugu wa kuzaliwa, babu, bibi au mjukuu. Siku 4. Matanga yetu ni 3. Kwa hiyo aliyeajiriwa hapotezi kitu ambacho sheria haijampa, na jirani halazimiki kushinda pale kutwa, aje baada ya alasiri kama tulivyofanya siku zote. Mtumishi wa dola ya China ya zamani aliyefiwa na mzazi aliacha ofisi yake miezi 27. Sitaki hiyo. Nataka tu hizi 3 zisiguswe.

Binti yangu alirudi kazini siku ya tano. Mteja mmoja alimpigia kelele kwa kuwa alikosea kumrudishia chenji, akamwita mzembe mbele ya watu. Angejuaje? Hakuwa na alama yoyote. Kwa wenzetu wale mtoto wa marehemu alivaa nguo ya nyuzi nene zisizotiwa rangi, kama magunia yetu ya katani, na upindo haukushonwa, mkato uliachwa hivyo hivyo ulivyokatwa na nyuzi zinaning'inia. Waliofuata katika udugu walivaa iliyopindwa, kisha laini zaidi na zaidi, ngazi tano, za mwisho zikiwa za miezi 9, 5 na 3. Ukimwona mtu barabarani ulijua amefiwa na nani, na takribani lini. Confucius mwenyewe, inasemwa, akila karibu na mfiwa hakuwahi kushiba. Mimi nilipokuwa eda, bila wanja, bila hina, bila manukato, kila aliyeingia aliteremsha sauti yake kabla sijafungua mdomo. Binti yangu alikuwa amefiwa na baba yule yule, na kaunta yake ilikuwa na taa nyeupe na foleni.

Msidhani nawaletea mambo ya ugenini. Nilipokuwa mdogo nilipelekwa Tongoni, kusini mwa mji huu, tukaoneshwa yale makaburi ya kale, zaidi ya 40, mengine yana nguzo. Kwenye nguzo kuna matundu ya duara. Mzee aliyetuongoza alisema humo zilikuwamo bakuli na sahani kutoka China, zilizotiwa kwenye chokaa kuyapamba makaburi, na watu wamezing'oa. Mama mkubwa aliingiza kidole katika tundu moja akasema, "Walimpa na chombo chake." Wazee wetu walijenga kwa subira kwa ajili ya wafu wao, na vyombo vya Kichina vikawa sehemu ya kaburi la Mswahili. Mjukuu naye ananiambia kwamba mwanzoni mwa kila Aprili Wachina huyafagia makaburi ya watu wao, na kwamba kule Gongo la Mboto, walikozikwa zaidi ya 60, wakiwamo waliokufa wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA, maua huwekwa. Mama zao wako mbali mno kuja kufagia, wengine wanawafagilia.

Kikao chetu kingine ni Jumamosi baada ya alasiri. Nitakwenda, na safari hii nitasema. Fedha ya ng'ombe ifutwe kabisa katika daftari. Sare zifutwe, na mpiga picha pia. Nyumba ya mfiwa isiwashe moto siku tatu. Chama kigawe zamu za nyumba kwa nyumba, asubuhi uji, mchana wali na maharage, usiku chai na mihogo, mzigo ambao hata mwenye kuuza maandazi anauweza. Turubai la chama tunalo, halikodishwi. Mikeka tunayo. Mweka hazina akipiga hesabu hiyo ataona msiba wa siku tatu wa namna hii unagharimu kidogo kuliko pilau la siku moja la namna ile, na nitamwomba aipige pale pale mbele ya watu kwa sababu wanamwamini.

Ningeandika zaidi, kuna habari ya Zixia huyo huyo alivyofiwa na mwanawe baadaye akalia mpaka akapofuka. Lakini nyumba ya tatu kutoka kwangu wamezika jana, kijana wa pikipiki, na zamu ya uji wa leo ni yangu. Umeshachemka. Nataka niupeleke ungali moto, na nikae kidogo na mama yake.

Wako,
Mwosha maiti wa Ngamiani,
Tanga